Mluzi wa Mchuna Ndege

"Kwa hiyo unaondoka hata kuniaga hutaki?" fundi cherehani akamuuliza, amesimama mlangoni.

Mchuna ndege hakugeuka. Aliendelea kufunga furushi lake katika kile chumba cha nyuma ya nyumba ya Daktari mzungu. Alikuja mjini na msafara wa Daktari, akimchunia ndege wa kukaushwa na kuandikwa kitabuni, hana ndugu wala mtu wa kuzungumza naye lugha ya kwao. Watu walimkwepa kwa harufu ya dawa ya kukaushia ngozi. Fundi cherehani peke yake ndiye aliyekaa naye bila kuziba pua, na hapo ndipo mapenzi yalipoanzia.

"Kitabu cha Daktari kimefika kutoka kwao," mchuna ndege akasema. "Ndege wetu wa msituni, yule ambaye hakuwa na jina kwao, yumo. Kapewa jina la mkewe."

"Mkewe? Yule aliyekuwa akizimia kwa kuona panya?"

"Usinichekeshe. Daktari aliniahidi ndege ataitwa kwa jina langu. Nikamtambia mjomba wako mbele za watu. Leo nimwambie nini? Ataniona mwongo, tena mwongo asiye na kwao."

"Anayeolewa ni mjomba au mimi?"

"Wewe unastahili mtu mwenye jina."

"Na mimi je? Nani alilowa umande kule msituni, wewe ukipiga mluzi upande huu, mimi nikikujibu upande ule, mpaka ndege akatokea katikati yetu? Mbona sikudai kuandikwa?"

Mchuna ndege akabeba furushi, akatoka.

Fundi alirudi nyumbani kwa mjomba, kwenye cherehani yake. Uzi ukakatika, akauunga, ukakatika tena. Aliyaona maisha yake yote yaliyobaki: yeye, mjomba na mlio wa cherehani.

"Si nilikwambia ataondoka?" mjomba akasema toka barazani.

Fundi alikwenda dirishani, akatia vidole mdomoni, akapiga ule mluzi wa msituni. Mmoja mrefu, miwili mifupi.

Kimya.

"Ala! Umekuwa ndege sasa?" Mjomba akacheka.

Akapiga tena, machozi yakimwingia mdomoni. Mluzi ukatoka umepinda, wa kutia huruma.

Kisha, kwa mbali, kule barabara inakotoka mjini, ukajibiwa.

Mjomba akaacha kucheka. Ukajibiwa tena, karibu zaidi.

"Huyo ndege anaitwaje?"

Fundi alikuwa ameshavuka kizingiti, miguu peku.

"Anaitwa mkwe wako, mjomba."