Jua la Upande Mwingine

Sekela alivuka ukumbi wa uwanja wa ndege wa Dodoma akisoma kitabu, bila kuinua macho hata mara moja. Alipinda penye umati, akakwepa roboti la mizigo, akasimama mbele ya lango lao hasa. Kilichomwongoza ni kielekezi, kidude kidogo kama mbegu ya papai kilichobandikwa nyuma ya sikio. Kiligusa mshipa unaoshika mizani ya mwili, na aliyekivaa alihisi tu kwamba njia ni ile, kama mtu anayeteremka mlima anavyohisi bonde liko wapi.

Nyuma yake mama yake, mhandisi Atuganile, aliburuta begi. Yeye ndiye aliyekibuni. Alimvalisha Sekela akiwa na miaka mitatu, baada ya kumpoteza sokoni na kumtafuta kama mwendawazimu. Watoto wa nchi nzima wakafuata.

Mwaka uliopita kielekezi cha Sekela kilizima ghafla barabarani. Jirani alimkuta mita chache kutoka kwao, binti mzima wa miaka kumi na tisa, analia, hajui lango la nyumbani ni lipi. Tangu hapo akaanza kujifunza ramani za karatasi. Kisha akaja na ombi lililomshtua mama yake: kwenda kaskazini kabisa mwa Norwei, kwenye mashindano ya kusaka vituo vilivyowekwa porini kwa ramani na dira. Vielekezi ni marufuku.

"Na ukipotea?" Atuganile aliuliza.

"Nitapotea, Mama. Ndiyo maana nataka kwenda."

Kijiji cha mashindano kilikuwa nyumba chache za mbao katikati ya msitu wa miti myeupe, myembamba, yote sawa. Mwandalizi, mama mmoja wa makamo aitwaye Ragnhild, alizungumza kupitia mkalimani, kitufe alichokivaa shingoni.

"Kila anayekanyaga msitu anaacha kielekezi chake hapa. Hata mtazamaji," alisema, akisogeza bakuli.

Atuganile alikibandua chake. Ardhi ikawa kama imelegea chini ya miguu.

Sekela alipewa ramani, akaigeuza mara kadhaa, akaingia msituni kwa hatua za mtu anayevuka mto usiku. Washindani wengine walirudi mmoja mmoja. Yeye hakuonekana. Atuganile alivumilia mpaka uvumilivu ukamwisha, akajitosa kumtafuta.

Hakuwa na wasiwasi na nafsi yake. Alikulia Tukuyu, alichunga ng'ombe milimani kabla ya kuwapo kielekezi chochote. Alijua kwamba mwezi wa Juni, saa sita mchana, jua hukaa upande wa kaskazini. Sasa ilikuwa adhuhuri; akalipa jua mgongo, akaamini anakwenda kusini, upande alioingilia Sekela. Alikuwa amesahau kwamba huku kaskazini mwa dunia jua la mchana hukaa kusini. Kila hatua ilimpeleka mbali zaidi. Alipogeuka kurudi, miti ilikuwa ileile pande zote. Akaita. Akaketi juu ya jiwe lenye kuvu, akajua kwa mwili wake jinsi binti yake alivyojisikia siku ile barabarani.

"Mama?"

Sekela alitokea kwenye vichaka, magoti yamejaa tope, uso umechubuliwa na matawi.

"Nilisikia sauti yako. Unafanya nini huku?"

"Nakutafuta, mwanangu." "Umewezaje kufika huku?"

"Kwa kukosea. Nikikosea, narudi pale nilipokuwa na uhakika, naanza upya." Akamshika mkono, mkono wenye tope kwa mkono wenye baridi. "Nimebakiza kituo kimoja tu. Twende wote."

"Lakini si utaondolewa mashindanoni kwa kutembea na mtu?"

"Wataniondoa. Shika ramani, nikuoneshe."

Alimwonesha: mistari ya hudhurungi ni mwinuko, rangi ya buluu ni maji, na sindano ya dira haidanganywi na jua. Kisha akasema, "Haya, tuongoze."

Atuganile aliongoza. Walishuka, wakapita mwamba uliopasuka, wakazunguka kinamasi, wakaingia kwenye mawe. Baada ya mwendo alisimama. Ramani ilionesha maji mkono wa kushoto. Yeye aliyaona kulia. Akaigeuza karatasi, akaangalia dira, akaangalia tena.

"Siyo huku," alisema taratibu. "Tulipaswa kupinda kule penye mwamba uliopasuka."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Tangu pale mwambani."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakusubiri, Mama."

Atuganile alimtazama mtoto ambaye hakuwahi kumsubiri hata dakika moja. Machozi yakamlenga. Sekela alikuwa ameshageuka, ananyoosha mkono nyuma ili mama yake asiteleze kwenye mawe.

Wakarudi mpaka kwenye ule mwamba, wakaanza upya.