Aliyeshika Kamba ya Skrauta

Steinunn aliingiwa na shaka pale mdogo wake Bersi alipokubali haraka. Tangu baba yao azikwe walikuwa wakigombania rasi na malisho ya ufukweni. Bersi alitaka kumuuzia mtu wa hoteli kutoka Reykjavik. Steinunn aliapa kondoo wake hawatafukuzwa na watalii. Asubuhi hiyo, wakila samaki mkavu kwa siagi, alimkumbusha sheria ya walowezi wa kale: ardhi atakayoizunguka mwanamke akimwongoza mtamba, tangu jua lichomoze hadi lizame, ni yake.

"Umekuwa Bibi Aud sasa?" Bersi akacheka.

"Aud alifiwa na mume, akafiwa na mwana, akapanda meli na kuja kuigawa ghuba hii apendavyo. Mimi naomba rasi tu."

"Haya, dada. Kesho mchukue mtamba wetu Skrauta. Ukimaliza, natia sahihi."

Bila ubishi? Bersi, ambaye hubishana hata na redio? Steinunn alimtazama akipuliza kahawa yake na hakupenda alivyotabasamu.

Rasi yenyewe watu waliipita kwa adabu. Aud alipoteza kitana chake pale, na alipokaribia kufa aliomba azikwe mahali maji yanapokupwa na kujaa. Wapi hasa, hakuna ajuaye.

Kulipopambazuka safari ilianza vizuri kutoka kwenye jiwe la mpaka. Steinunn mbele, mtamba nyuma. Walipofika kijitoni, ng'ombe akalia kutoka uani, akalia tena kwa uchungu. Alikuwa mama yake Skrauta. Bersi alikuwa amemfunga uani bila kumkamua, aite mpaka mwanawe arudi.

Skrauta akagoma.

"Mshenzi wewe, Bersi," Steinunn akanong'ona. Alivuta, akabembeleza, akavuta tena. Mwisho aliitupia kamba shingoni mwa mtamba, akaenda nyuma kumsukuma kwa bega. Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka baharini.

Kule nyumbani ng'ombe akanyamaza ghafla. Skrauta akaanza kutembea.

Alitembea taratibu, kichwa chini, kama anayemfuata mtu anayemjua. Steinunn alitaka kupita mbele aichukue kamba. Haikuwa tena imelala shingoni. Ilikuwa imenyooka mbele, imekaza, ikipotelea kwenye ukungu.

"Bersi?" akaita kwa sauti ndogo.

Kamba ikaendelea kuvuta. Alijua anapaswa kusimama. Hakusimama. Aliitaka rasi.

Jua lilipozama walikuwa wamerudi kwenye jiwe la mpaka. Kamba ilikuwa juu ya jiwe, imekunjwa vizuri. Bersi alikuwa akiwasubiri, uso umemshuka.

"Ulimnyamazishaje yule ng'ombe?" akauliza.

"Nilikuwa kijitoni, Bersi."

"Usinichezee. Nilimkuta amekamuliwa. Ndoo imejaa."

Kesho yake Bersi alidai kukagua nyayo kabla ya kutia sahihi. Maji yalikuwa yamejaa na kupwa usiku, na Steinunn aliomba kimoyomoyo yawe yamefuta kila kitu, isije ikajulikana kwamba alitembea nyuma. Alama za buti zake hazikuwepo. Kwato za Skrauta hazikuwepo. Nyayo zilizobaki matopeni zilikuwa za miguu mitupu, myembamba, zimeizunguka rasi yote.

"Ulivua buti?" Bersi akanong'ona.

Steinunn alitikisa kichwa.

"Dada. Ardhi ni ya anayeongoza, si ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo."

Bersi alitia sahihi, na hajakanyaga rasi tangu siku hiyo. Mtu wa hoteli aliambiwa asije.

Karatasi ina jina la Steinunn, naye huchunga kondoo kule kama mtu aliyeazimwa ardhi, akifunga lango polepole. Amepata alichokitaka na anakiogopa. Kila theluji inapoyeyuka humkuta Skrauta amechanwa manyoya ya utosini kama kwa kitana, yamelowa maji ya chumvi, na kamba iko juu ya jiwe la mpaka, imekunjwa vizuri.

Steinunn hajawahi kuigusa.