Komeo na Jani la Isale

Kila asubuhi Salvina aliwahi kuamka. Alikamua ng'ombe, akakata majani, akapika uji. Kisha ilikuja kazi aliyoiogopa. Kumwamsha Digna.

Digna alikuwa na miaka sita. Tangu kuzaliwa alikuwa haoni wala hasikii. Salvina alimnyanyua kitandani. Mtoto akapiga kelele, akarusha mateke, akamng'ata mama yake begani.

"Amekunywa uji?" aliuliza Bibi Ndelilio, mama mkwe wake, kutoka jikoni.

"Amekunywa nusu, Mama. Nusu nyingine nimeivaa mimi."

Bibi alicheka kidogo, lakini hakusogea. Mwezi uliopita alimvuta Digna kwa nyuma asije akashika chungu cha moto. Digna akamng'ata kidole. Tangu siku hiyo Bibi alimpenda mjukuu wake kwa mbali.

Ukaja msimu wa kuchuma kahawa. Siku moja watu wote walikuwa shambani, Digna akatoka nje peke yake. Kalisti, baba yake, alimkuta ndani ya mfereji unaopita katikati ya migomba. Maji yalikuwa yamemfika kifuani.

Jioni ile Kalisti alisema polepole, "Nimeagiza komeo kwa fundi, kule Majengo. Tukiwa shambani, Digna atafungiwa chumbani."

"Siku nzima, Baba Digna?"

"Unadhani mimi napenda? Afadhali nimfungie kuliko nimzike."

Jumamosi Salvina alishuka Moshi mjini kulichukua komeo.

Alipotoka kwa fundi alikutana na jirani yao wa kule mlimani, Mwalimu Scola, mama mtu mzima aliyefundisha darasa la kwanza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Digna. Komeo kubwa hivyo! Mmenunua ng'ombe mwingine?"

Salvina alitaka kucheka, akajikuta analia. Akaeleza yote.

Mwalimu Scola hakumlaumu mtu. Alisema, "Nimefundisha miaka ishirini na nane, wala sijui mtoto kama Digna hufundishwaje. Lakini wapo wanaojua. Twende tukawaulize."

"Wako wapi?"

"Mbali. Ila siku hizi mbali pamekaribia."

Waliingia katika duka la intaneti la Bwana Shedrack. Mlikuwa na kompyuta nne, kila moja imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni.

"Mwalimu, leo umeleta mwanafunzi?" alitania Shedrack.

"Nimeleta mwalimu. Huyu ndiye anayemjua mtoto. Mimi najua kusoma Kiingereza tu."

Walikaa. Scola alieleza, "Hapa unaandika unachotafuta. Mashine inakuletea orodha ya mahali palipoandikwa habari hiyo."

Aliandika kwa Kiingereza: mtoto asiyeona. Orodha ndefu ikaja. Akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma. "Wanasema, ongea naye sana."

"Digna hasikii," alisema Salvina.

Scola akaandika: mtoto kiziwi. "Wanasema, mwonyeshe ishara za mikono."

"Haoni, Mwalimu."

Shedrack aliinama nyuma yao. "Kwa nini mnamgawa mtoto vipande viwili? Andikeni yote pamoja."

Scola akaandika: mtoto kiziwi asiyeona. Mahali pa kwanza palikuwa na mtu anayeuza dawa ya kufungua macho na masikio kwa siku saba.

Moyo wa Salvina uliruka. "Hiyo, Mwalimu! Hiyo hiyo!"

"Ngoja kwanza. Nani ameandika? Jina halipo. Anwani haipo. Daktari hatajwi. Bei tu ndiyo ipo." Scola akapita.

Ukurasa uliofuata ulikuwa wa chama cha wazazi na walimu wa watoto viziwi wasioona. Ulikuwa na majina na anwani. Scola hakuridhika. Akafungua mwingine, wa shule ya watoto hao. Nao ulisema mambo yale yale.

"Sasa naanza kuamini," alisema.

"Kumbe wako wengine," Salvina alinong'ona.

"Wako, mama. Dunia nzima. Sikiliza. Mtoto huyu haoni mkono unapokuja. Ukimnyakua ghafla, kwake ni kama kifaranga na mwewe. Hang'ati kwa ubaya. Anajitetea."

Salvina aliinamisha kichwa. Miaka sita! Kila asubuhi alikuwa mwewe.

Scola akaendelea kusoma. Mguse begani kwanza, usubiri. Mpe kitu kinachomweleza kinachokuja: kijiko kabla ya uji, dodoki kabla ya kuoga. Kila mtu wa nyumbani awe na alama yake ya kushikwa. Usimkamate mikono, weka mkono wako chini ya wake, akufuate. Mpeleke hospitali apimwe, maana huenda kuna mwanga kidogo au sauti kidogo iliyobaki.

Shedrack alichapa kurasa nne. Scola akaandika Kiswahili chini ya kila mstari. Mwisho akawatumia wale wazazi barua pepe, akiuliza kama kuna mtaalamu Tanzania.

Nyumbani, Bibi Ndelilio alishika kiuno. "Umetumwa komeo, unaleta karatasi. Karatasi inafunga mlango?"

"Vyote nimeleta, Mama. Naomba tusome kwanza."

Salvina akasoma. Alipofika pale pa kifaranga na mwewe, Bibi alijitazama kidole. Akatoka nje. Aliporudi alikuwa na jani la isale, lililochumwa kwenye uzio wa mpakani.

Kalisti alishtuka. Kwao Uchagani, aliyekosa ndiye anayepeleka isale kuomba msamaha. Na aliyeletewa hakatai.

"Mama, unampelekea mtoto?"

"Nilikuwa nangoja yeye aniombe radhi. Kumbe mimi ndiye niliyemkosea."

Bibi alimgusa Digna begani. Akasubiri. Akaingiza mkono wake chini ya mkono wa mtoto, na jani juu yake. Digna alilipapasa. Akalinusa. Kisha vidole vyake vikatambaa hadi kwenye kidole chenye kovu, vikatulia hapo. Hakung'ata.

"Basi, isale ndiyo alama yako, Mama," alisema Salvina.

Yeye alichagua bangili yake, Kalisti kofia yake ya sufu. Kalisti alijenga uzio kando ya mfereji. Akafunga kamba kutoka mlangoni hadi jikoni, ikipita kwenye mimea ya isale, Digna aishike anapotembea. Hospitalini waligundua kwamba jicho moja huona mwanga. Barua pepe nayo ilijibiwa, ikiwa na jina la mtaalamu wa kuwasaidia. Siku nyingine Digna bado alipiga kelele. Walisubiri, wakaanza tena.

Mvua za masika zilipokwisha, asubuhi moja Bibi alikuwa akimenya ndizi jikoni. Kitu kikamgusa begani. Kikatulia, kikisubiri.

Akageuka. Digna alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye kamba. Mwingine ulikuwa na jani bichi la isale.

"Salvina! Njoo uone. Ananiita!"

Salvina alikuja mbio, akasimama mlangoni. Nyuma yake, kwenye mlango wa banda la mbuzi, komeo kubwa liling'aa juani.

"Aika," Bibi alisema. Asante. Akaweka kisu chini, akaingiza kiganja chake chini ya mkono ule mdogo.