Kiuno cha Mtu Mwingine

Mtaa ule uliamshwa na cherehani. Trrr, trrr, trrr. Majirani wakisikia hivyo walijua Fundi ameshaketi barazani kwake, miguu iko kwenye pedali, na futi ya kupimia imening'inia shingoni. Futi hiyo haikumtoka hata akienda kununua chumvi.

Mumewe, kinyozi wa pale kona, alizoea kumtania. "Wewe mama, siku ukifa tutakuzika na hiyo futi yako."

"Nife mimi? Nitakupima wewe kwanza," Fundi alimjibu. "Sanda yako nitaishona mwenyewe, ikukae vizuri."

Wateja wengi walimletea picha za mwimbaji mmoja mashuhuri kwenye simu.

"Fundi, nishonee gauni kama hili la Mwimbaji."

"Zuri sana. Haya, simama nikupime."

"Unipime nini tena? Si unaliona hapo?"

"Hili limekatwa kwa kiuno chake, mwanangu. Wewe una kiuno chako, na nakiona kimeshiba."

Mteja alicheka, akasimama, akapimwa. Fundi hakuwahi kukata kitambaa kabla ya kupima.

Mwaka ule binti yake alikuwa na mimba ya kwanza. Mume wa binti alikuwa dereva wa lori, leo huku, kesho kule, kwa hiyo binti alirudi kukaa kwa mama yake. Walishona pamoja nguo ndogo za mtoto. Mikono ikifanya kazi, midomo nayo haikai bure.

"Kitendawili!" Fundi alisema.

"Tega!"

"Chumba changu, huingia mmoja, hutoka wawili."

Binti alishika tumbo akacheka. "Mama, hata mtoto huyu humu ndani amekijua! Chumba cha kujifungulia."

"Umepata. Nilikuwa nimeshajiandaa kupewa mji."

Chumba hicho kilikuwa katika zahanati, mwisho wa mtaa. Kilikuwa kidogo, na rangi imebanduka ukutani. Lakini wanawake wengi wa pale walijifungulia humo, mikononi mwa Mkunga. Mkunga huyo alikuwa jirani wa Fundi, ukuta kwa ukuta.

Ukafika wakati wa kuchagua diwani. Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mama muuza mkaa. Sauti yake ilikuwa inakwaruza, na mkutano wake ulikuwa na watu wachache.

"Jamani, kuna mpango wa kukifunga chumba cha kujifungulia," alisema. "Mkinichagua, nitaingia kila kikao nipinge."

Watu walipiga miayo. Wengine walikuwa wanaangalia simu zao.

Wa pili aliitwa Miwani, kwa sababu hakuvua miwani yake nyeusi hata kivulini. Yeye alimleta Mwimbaji mwenyewe. Siku hiyo mtaa ulifurika. Watoto walipanda juu ya mapaa. Mwimbaji aliimba, kisha akapaza sauti: "Kama mnanipenda mimi, mpeni Miwani kura!"

Fundi alimpenda kwelikweli. Alipofiwa na mama yake, nyimbo za Mwimbaji ndizo zilizomliwaza. Alirudi nyumbani jasho linamtiririka, koo limekauka kwa kushangilia.

Mkunga alimwita kutoka uani. "Jirani, Miwani amesemaje juu ya chumba chetu?"

"Sikusikia. Lakini Mwimbaji anamwamini."

"Mwimbaji anakaa hapa? Atakuja kujifungulia hapa?"

"Aa, nawe kila kitu maswali! Mtu aliyenifuta machozi atanidanganya mimi?"

Fundi alimpigia kura Miwani. Mumewe naye vilevile. Miwani akashinda, na mtaa ukacheza.

Baada ya muda chumba kilifungwa. Kitanda kikatolewa, zikaingizwa meza za ofisi. Mkunga akahamishiwa hospitali kubwa, mbali, ng'ambo ya mto.

Uchungu wa binti ulianza mchana, mvua inanyesha. Kinyozi alikimbia kutafuta gari. Lilipopatikana, barabara ilikuwa imejaa maji. Gari lilikwama, likasukumwa, likakwama tena. Binti alijifungua ndani ya gari, kichwa chake kikiwa mapajani kwa mama yake.

Mtoto hakulia.

Walimzika kesho yake. Zile nguo ndogo Fundi alizikunja, akaziweka chini kabisa ya sanduku. Cherehani ikanyamaza. Mtaa ulichelewa kuamka.

Siku moja Fundi alitaka kumchangamsha binti yake. Akasema taratibu, "Kitendawili."

Binti aligeukia ukutani. "Mama, usinitegee tena."

Mkunga alikuja kuwapa pole.

"Nani alikifunga kile chumba?" Fundi aliuliza.

"Baraza la madiwani. Walipiga kura kikaoni. Waliotaka kifungwe waliwazidi wenzao kidogo sana. Kiti cha diwani wetu kilikuwa kitupu."

"Hakuja?"

"Hakuja. Sitakuapia kwamba angekuja, mtoto angepona. Uzazi una mambo yake. Lakini binti angekuwa kitandani, nami ningekuwa karibu naye."

Kinyozi alitoa simu yake. Watu walikuwa wamemlalamikia Mwimbaji mtandaoni. Naye aliwajibu: "Poleni. Mimi niliitwa kuimba. Mambo ya mtaa wenu siyajui."

"Ametuua huyu!" alisema Fundi.

"Usimbebeshe yote," Mkunga alisema. "Pengine anampenda Miwani kwa dhati. Ni raia kama wewe. Ana haki ya kusema anamtaka nani, na ana kura yake moja. Na wewe unayo yako. Hebu niambie, mteja akikuletea picha ya Mwimbaji, unafanyaje?"

"Nampima mteja."

"Kwa nini?"

Fundi alishika futi iliyokuwa shingoni.

"Basi nilikata kwa kiuno cha mtu mwingine," alisema. Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Alipotulia aliuliza, "Kura nayo inapimwaje?"

"Anza na shida zenu. Muulize mgombea atazifanyia nini, na kwa njia gani. Uliza alikokuwa zamani alifanya nini. Mtu maarufu akikuambia umchague fulani, msikilize, lakini uliza. Analijua jambo hili? Amelipwa ili aseme? Mambo yakiharibika, yatamgusa yeye au yatakugusa wewe? Kuimba vizuri ni kazi moja. Kujua diwani anayefaa ni kazi nyingine. Na mimi pia, jirani, usinifuate kwa sababu ya sare hii nyeupe. Niulize."

Uchaguzi mwingine ulifika. Safari hii Miwani alimleta mchezaji wa mpira mashuhuri. Watu walishangilia. Fundi alisimama katikati yao, futi shingoni.

"Mchezaji, tunakupenda. Ukifunga goli, sisi ndio tunaopiga kelele. Lakini swali langu si lako. Diwani, siku ya kikao cha zahanati ulikuwa wapi?"

"Mama, kaa chini, tuache tucheze muziki!" kijana mmoja alipaza sauti.

"Mtacheza. Ajibu kwanza."

"Nilikuwa na dharura," alisema Miwani.

"Dharura gani?"

Miwani alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Ajibu!" Mwingine naye akasema. Muziki ulipigwa, lakini waliocheza walikuwa wachache.

Muuza mkaa, aliyegombea tena, naye hakuachwa. Fundi alimuuliza, "Na ukishindwa kikaoni?"

"Nitarudi hapa hapa niwaambie nani alipinga na kwa nini. Kisha nitaenda tena."

Alichaguliwa. Kazi haikuwa rahisi. Alishindwa kikao cha kwanza, akarudi, akawaambia. Wanawake wa mtaa wakafuatana naye kwenye kikao kilichofuata, wakajaa mlangoni. Mwishowe meza zilitolewa, kitanda kikarudi, na Mkunga naye akarudi.

Humo ndimo binti wa Fundi alimojifungulia mara ya pili. Fundi alikaa nje kwenye benchi, macho kwenye mlango. Mumewe alikuwa pembeni yake. Hakuna aliyetania.

Sauti ya mtoto ilisikika, kali, kama ya mtu aliyedhulumiwa. Mkunga akafungua mlango, akawaita.

Kinyozi alifuta macho. "Nikimbie nyumbani? Nikalete zile nguo za sandukuni?"

"Ziache," Fundi alisema. "Zile zina mwenyewe."

Aliinama juu ya kitanda. Akaitoa futi shingoni, akaipasha joto viganjani kwanza, kisha akaizungusha taratibu kwenye kifua cha mtoto.

"Huyu tutampima yeye."