Baba Aliharakisha Kutengeneza Mlango

Mwaka 2012 tulikuwa bado Nakivale, makazi ya wakimbizi huko Uganda. Hadi leo nikisikia harufu ya mbao mbichi namkumbuka baba yangu, Elisée. Alikuwa seremala tangu kwao Kivu Kusini, Kongo. Kila asubuhi alipiga randa huku akiimba nyimbo za kanisa, vibaya kabisa, na Mama akimwomba apunguze sauti. Jamani, siku zile nazitamani!

Jirani wa karakana yetu alikuwa Mama Gorret, mke wa askari wa kambi ya jeshi ya Mbarara. Aliuza misumari na gundi. Yeye ndiye aliyempeleka Baba Mbarara kukata bima ya vifaa vyake. Baba alilipa, akaweka karatasi ya bima na risiti za vifaa ndani ya Biblia, akazisahau humo.

Asubuhi moja tulikuta mlango wa karakana umevunjwa. Randa, misumeno na mashine ya kutoboa mbao vilikuwa vimeibwa. Baba alikuwa ameahidi madawati arobaini ya shule kabla ya muhula kuanza. Bila vifaa, kazi ile ingekwenda kwa mtu mwingine, na sisi tuliitegemea.

Baba hakupiga kelele. Aliona aibu. Seremala mwenye mlango uliovunjika! Akaazima vifaa kwa fundi mwingine, akang'oa ubao uliopasuka, akaweka mpya. Saa nne mlango ulikuwa mzuri kuliko jana. Mama alifagia vipande vyote akavipeleka jikoni, viwe kuni.

Mama Gorret alipofika, alishika kichwa.

"Papa Divine," alisema, maana alimwita Baba kwa jina langu, "wewe nafanya nini? Sasa polisi wataona nini?"

"Polisi ya nini?" Baba alijibu. "Kule kwetu ukiita basoda, hao askari, banakuja kubeba na ile yenye mwizi aliacha."

"Hapa si kule. Hiyo bima yako ni ya kuvunjiwa. Kama mulango iko muzima, watasema mwizi alikuta wazi, hawalipi. Unaacha kila kitu vile iko. Unaenda polisi leo leo, wanakupa barua. Halafu unapigia watu wa bima simu. Ule ubao iko wapi?"

Wote tuligeuka kutazama jikoni. Moshi ulikuwa unapanda.

Mama alikimbia kuliko nilivyowahi kumwona akikimbia. Nusu ya ubao ilikuwa imeshaungua. Nusu nyingine, yenye kufuli lililovunjwa, ilikuwa bado nje ya moto.

"Mungu wangu!" Mama alisema, akicheka. "Kidogo tu ningepika maharagi na bima yetu!"

Tulikwenda polisi, Baba akibeba ule ubao. Mama Gorret hakumwacha peke yake. Polisi alikuja, akatazama karakana, akawauliza majirani walioona mlango alfajiri. Kisha akaandika barua, na Baba akawapigia watu wa bima simu.

Baada ya siku tano alikuja Naboth, mfanyakazi wa ofisi ya bima. Alisoma barua, akakagua ubao, akalinganisha risiti tulizozitoa kwenye Biblia na orodha ya vifaa iliyokuwa kwenye karatasi ya bima. Randa moja ya zamani, ambayo Baba alikimbia nayo kutoka Kongo, haikuwa kwenye orodha.

"Mzee, hiyo sisi hatukuandika," Naboth alisema. "Hatuwezi kulipa. Kila kifaa lazima kiandikwe. Ukinunua kipya, utuambie."

Iliniuma sana, maana randa ile ndiyo aliyoipenda. Lakini vingine vyote vililipwa. Baba alinunua vifaa vipya Mbarara, akaviandikisha siku hiyohiyo. Madawati yalifika shuleni siku mbili kabla ya muhula. Tangu wakati ule mafundi wengi wa Nakivale walianza kumuuliza habari za bima, naye alianza kila mara kwa kuwaambia: "Mulango usiguse kwanza!"

Mimi namkumbuka zaidi siku ile Naboth alipofunga daftari lake. Baba hakuinuka. Machozi yalikuwa yanamtoka, na sikuwa nimewahi kumwona akilia.

"Pole, mzee," Naboth alisema. "Ni ile randa?"

"Hapana," Baba alisema. "Mu vita balibeba byote. Nyumba, ngombe, karakana. Hakuna mutu aliniuliza, 'Elisée, ulipoteza nini?' Ni wewe wa kwanza."