Kibali cha Kompyuta ya Tatu

Jumanne moja mwaka 2004, saa mbili na robo asubuhi, Mzee Masalu alisimama mlangoni mwa kampuni binafsi ya upimaji wa ardhi mjini Sumbawanga, kofia mkononi. Orodha ya wafugaji waliogawiwa malisho kijijini Milepa ilikuwa imechapishwa, na jina lake halikuwamo.

"Ng'ombe zangu nizipeleke wapi?"

Mkurugenzi, Mama Stefania, alimwachia kesi Cornelius, mtunza seva, ile kompyuta kuu ya ofisi. Cornelius hakuchelewa. Wa mwisho kupewa kibali cha kuandika orodha ile alikuwa Bertila, mchapaji, na ofisi nzima ilijua ng'ombe wa Masalu walikuwa wamekula mahindi ya kaka wa Bertila huko kijijini.

"Jina la mzee uliliingiza?"

"Jana, saa tisa na dakika arobaini na nne, kaka Cornelius. Haki ya Mungu."

"Basi limejifuta lenyewe! Usitufanye watoto."

Aliyasema mbele ya watu wote, tena kwa kujisikia. Bertila akatolewa nje, akae kwenye benchi kungojea barua ya kufukuzwa.

Cornelius akafungua kumbukumbu za mashine ili ammalize kabisa. Seva ile haikutunza mafaili; ilitoa vibali tu, kompyuta zikaandika zenyewe kwenye mashine za kuhifadhia. Kompyuta iliyonyamaza dakika moja na nusu ilihesabiwa imekufa, na nyingine ikapewa kibali chake.

Jana yake, saa tisa na dakika arobaini, umeme ulikatika chumba cha nyuma. Kompyuta ya tatu, iliyokuwa humo ikishikilia kibali cha orodha ile, ilibaki hai kwa betri, ila ikapotea mtandaoni. Bertila akapewa kibali, akaandika. Saa tisa na dakika hamsini umeme ukarudi, na kompyuta ya tatu ikamwaga nakala yake ya zamani juu ya kazi ya Bertila, kwa kibali kilichokwisha kufa.

Mashine za kuhifadhia zilipaswa kukikataa. Lakini ukaguzi huo ulizimwa tangu Machi, kwa sababu kila umeme ulipokatika watu walianza kazi upya na kuilaani seva. Aliyeuzima alipigiwa makofi kikaoni. Ni Cornelius. Na kompyuta ya tatu ilikuwa yake.

Masikio yalimwaka kwa aibu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Akazifunga kumbukumbu, akaenda kunywa chai. Dirishani alimwona Bertila akifuta macho kwa ncha ya khanga; Cornelius akageuza kiti.

Mama Stefania alipotoka na barua, ndipo Cornelius alipomfuata hadi kwenye benchi.

"Mama, usimpe barua hiyo. Mhalifu ni mimi."

Akaeleza yote, ukaguzi, umeme, nakala ya zamani. Mzee Masalu, aliyekuwa bado anangoja hapo nje, alisikiliza ameinamisha kichwa. Mama Stefania akaichana barua.

"Kuzima ni makosa ya kazi, kila mtu hukosea," Bertila alisema taratibu. "Ninachouliza ni kimoja, kaka. Ulijua saa ngapi?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika kumi.

"Saa nne," Cornelius alijibu, na hakuna aliyemtazama tena.