Kidole cha Saa Saba

Jumanne hiyo ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Nguo zilikuwa kambani, redio ya jirani ilikuwa ikibweka, nami nilikuwa nimekaa kwa mdogo wangu wa kike nikila chakula chake huku nikimchokoza, kazi mbili nilizozizoea tangu utoto. Mimi ni mchekeshaji wa jukwaani. Sauti yangu ni kubwa, na tumbo linaifuata kwa karibu. Nasema mapema ili mjue kwamba haya sikuyatia chumvi. Chumvi ningeitia kama ningetaka mcheke.

Mdogo wangu alikuwa hacheki. Kwa miezi minne taa za nyumba yake zilikuwa zikimfanyia vituko. Akikaa kusoma, ya sebuleni inazimika. Akijilaza mchana, ya korido inawaka yenyewe. Na katika chumba cha marehemu mama yetu, kila saa saba mchana, taa inawaka na kuzimika mara mbili.

Hiyo ya mwisho ilinigusa mahali, nikaificha. Mama alikuwa mshonaji. Ugonjwa wa koo ulimnyang'anya sauti tungali wadogo, kwa hiyo chakula kikiwa tayari alibonyeza swichi mara mbili, kwa kidole chenye chaki ya buluu ya kuchoria vitambaa, nasi huko uani tukaona dirisha likitukonyeza. Swichi yake haikukosa doa la buluu.

Mimi nikafanya nini? Nikapanda jukwaani nikamwigiza mdogo wangu. Nilijitanda mtandio wake, nikaipigia taa magoti, nikaiomba msamaha kwa majina yangu yote matatu. Ukumbi ukavunjika mbavu. Yeye alikuwa safu ya mbele, mikono mapajani. Pembeni yake shemeji, mumewe, alicheka hadi akafuta machozi kwa tai. Baada ya onyesho alinikumbatia na kuninong'oneza kwamba mkewe anaumwa kichwani, kwamba Jumamosi ukoo utakaa, na kwamba neno langu ndilo litakalosikilizwa: apelekwe akatibiwe, yeye abaki kuangalia nyumba. Nyumba ambayo Mama alimwachia mdogo wangu. Nikakubali. Masikio yangu yalikuwa bado yamejaa makofi.

Basi Jumanne hiyo mdogo wangu akaweka kijiko chini.

"Kaka, nakuomba kitu kimoja kabla ya Jumamosi. Niletee mtu azifungue hizi swichi. Kisha mnipeleke mnakotaka."

Swichi zenyewe zilikuwa za kisasa, za kuwashwa kwa simu, na shemeji ndiye aliyezifunga. Kesho yake asubuhi nikamleta Bi Risasi, mama mtu mzima anayetengeneza redio na simu, aliyepewa jina hilo kwa kulehemu nyaya kwa risasi tangu ujana. Alizima umeme, akazing'oa zote tano ukutani, akazipanga mezani kama meno. Ndani ya kila moja kulikuwa na chipu ya waifai, ndogo kama ukucha. Hiyo, alisema, programu yake imefungwa, hakuna ajuaye inasema nini na nani. Inaripoti kwa walioitengeneza na kutii simu iliyoandikishwa. Angeitoa aweke yake, yenye programu iliyo wazi, ambayo yeyote anaweza kuisoma herufi kwa herufi. Chipu hiyo ingeongea na kompyuta ndogo tu, aliyoiweka kabatini. Kila taa ikiwaka, kompyuta ingeandika imewashwa na nini: amri, kama imetoka mtandaoni, au kidole, kama mtu amebonyeza ukutani.

Alizipuliza hewa ya moto moja moja, risasi ikalainika, chipu ikanyanyuka. Nne zilikwenda vizuri. Akiwa kwenye ya tano, ya chumba cha Mama, mimi nikamtolea kisa. Akacheka. Mkono ukakawia kidogo tu, na uzi wa shaba wa kitufe ukabanduka.

"Umeona kazi ya mdomo wako?" alisema. Kitufe hicho kimekufa, hata ukikigonga kwa nyundo hakitasikia. Mpaka apate kingine, taa hiyo itawashwa kwa amri ya kompyuta peke yake. Akakibandika utepe mweupe, akairudisha swichi ukutani, akaenda zake.

Saa tano na nusu gari likafunga breki nje. Shemeji, ambaye saa hizo hukaa ofisini, aliingia na simu mkononi, kola imelowa.

"Nani amegusa swichi?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mdogo wangu alisimama polepole.

"Ulikuwa kazini," alisema. "Ulitaka kumwashia nani taa?"

Akaitazama simu yake. Nimesimama na wengi jukwaani, naijua sura ya mtu aliyesahau maneno yake. Alikiri kwa sauti ndogo: miezi minne, akiwa mezani kwake ofisini, kwa dole gumba. Alitaka mkewe aione nyumba haimtaki, aondoke mwenyewe. Kisha akanigeukia, kana kwamba ningemtetea.

"Shemeji, si hata wewe ulimcheka?"

Yeye alimfanyia kwa simu, mimi kwa kipaza sauti.

Alipofika mlangoni na begi lake, mkewe alimuuliza kuhusu chumba cha Mama.

"Sebule, korido, jikoni, chumbani kwetu," alisema. "Ile sikuwahi kuiandikisha kwenye simu. Nilidhani ni wewe."

Jumamosi, kwa mjomba, nilisimama nikasema ukweli wote. Mdogo wangu alisikiliza. Lakini tangu siku ile hajaniita kaka.

Jumatatu nikaenda nyumbani kwake peke yangu, yeye akiwa kazini. Nilitaka nimchapishie kumbukumbu za siku zote hizo, aone amani yake kwa maandishi. Nikafungua kabati.

Sebule: kidole, jioni. Jikoni: kidole, asubuhi. Ni yeye.

Chumba cha Mama.

Alhamisi, saa saba. Kidole. Kidole.

Ijumaa, saa saba. Kidole. Kidole.

Jumamosi, saa saba, sote tukiwa kwa mjomba. Kidole. Kidole.

Nikatazama saa. Saa saba kasoro dakika moja.

Nikajaribu mzaha, ndiyo tabia yangu. "Mama, kama ni chakula, leo nimeshiba." Korido ilinirudishia sauti nyembamba, isiyo yangu.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi.

Taa ikawaka. Ikazimika.

Ikawaka. Ikazimika.

Nikaingia. Hapakuwa na mtu. Utepe ulikuwa palepale, mzima. Katikati yake, doa la buluu. Nikaligusa. Lilikuwa na joto.

Mdogo wangu aliporudi alinikuta hapo na kitambaa kibichi. Nilikuwa nimefuta mara tatu. Hakushtuka. Alikichukua kitambaa mkononi mwangu.

"Usifute," alinong'ona. "Katika nyumba hii, huyo peke yake ndiye ambaye hakunicheka."

Kidole nilichogusia ni cha buluu hadi leo. Nimekisugua kwa sabuni, kwa mafuta ya taa, kwa jiwe. Nikiwa jukwaani kinaonekana hadi safu ya nyuma. Watu wanadhani ni sehemu ya mchezo. Wanacheka.